Chunusi na Utunzaji wa Ngozi Katika Mwaka wa Mtihani

Malengo ya sehemu hii

Baada ya kusoma sehemu hii, utaweza:

1. kueleza hatua kwa hatua jinsi chunusi inavyotokea;
2. kutofautisha ukweli na imani potofu kuhusu chunusi;
3. kupanga utaratibu rahisi wa kutunza ngozi, uwe nyumbani au bwenini;
4. kutambua vipodozi vya kuepuka na dalili zinazokutaka umwone daktari.

Utangulizi

Mwaka wa kidato cha nne una mambo mengi kwa wakati mmoja: mtihani wa utamilifu, mahafali, kisha mtihani wa taifa mwezi Novemba. Kwa watahiniwa wengi huu ndio pia mwaka ambao uso hujaa chunusi. Huenda wewe ni mmoja wao. Kama ni hivyo, hauko peke yako: inakadiriwa kuwa takriban asilimia 85 ya watu wenye umri wa kati ya miaka 12 na 24 hupata chunusi kwa kiwango fulani.

Chunusi haiui, lakini usiichukulie kama jambo la mzaha. Mwanafunzi anayekaa nyuma ili asitazamwe, asiyenyoosha mkono kuuliza swali, au anayetumia dakika ishirini za maandalio ya usiku akijikagua kwenye kioo, anapoteza alama. Yule anayenunua krimu isiyojulikana ili awe na uso laini siku ya mahafali anaweza kupata madhara yatakayodumu muda mrefu kuliko chunusi yenyewe. Jambo kuu la kulishika katika sehemu hii ni hili: ngozi yenye chunusi inahitaji upole na subira, si nguvu.

1. Chunusi hutokeaje?

Kumbuka muundo wa ngozi uliousoma katika Biolojia. Ngozi ina tabaka la juu (epidemisi) na tabaka la chini yake (demisi). Ndani ya demisi kuna vifuko ambamo vinyweleo huota, na kando ya kila kifuko kuna tezi ya mafuta. Tezi hizi hutoa mafuta yanayoitwa sebamu, ambayo hupanda hadi juu ya ngozi kupitia kitundu cha kinyweleo. Kazi yake ni kuilinda ngozi isikauke. Tezi hizi ni nyingi zaidi usoni, kifuani na mgongoni, na ndiyo maana chunusi hupenda sehemu hizo.

Sasa fuata hatua hizi nne:

(a) *Mafuta huongezeka.* Wakati wa kubalehe mwili wa mvulana na wa msichana huzalisha zaidi homoni za kundi la androjeni. Homoni hizi huchochea tezi za mafuta kufanya kazi kupita kiasi.

(b) *Kitundu huziba.* Seli zilizokufa za ngozi, badala ya kudondoka moja moja, hugandamana na mafuta na kuwa kama kizibo.

(c) *Bakteria huongezeka.* Bakteria aitwaye *Cutibacterium acnes* huishi kwenye ngozi ya kila mtu bila madhara. Ndani ya kitundu kilichoziba hupata mafuta ya kutosha na oksijeni kidogo, mazingira anayoyapenda, naye huzaliana.

(d) *Mwili hujibu.* Kinga ya mwili hupeleka damu na seli nyeupe mahali hapo. Matokeo yake ni uvimbe, maumivu, na wakati mwingine usaha.

Zingatia kwamba hatua zote hizi huanzia ndani ya kitundu, mahali ambapo kitambaa cha kusugulia hakifiki. Jambo hili litakusaidia kuelewa ushauri unaofuata.

2. Aina za chunusi

*Vichwa vyeupe* ni vitundu vilivyoziba na kufunikwa na ngozi. *Vichwa vyeusi* ni vitundu vilivyoziba lakini viko wazi juu. Weusi ule si uchafu. Hutokana na melanini na mafuta yaliyokutana na hewa, kwa hiyo hauondoki kwa kusugua. *Vipele* ni vidogo, vigumu na huuma kidogo. *Chunusi za usaha* huwa na ncha nyeupe au ya njano. *Vinundu* ni vikubwa, viko ndani sana, huuma na mara nyingi huacha makovu.

Kwa ngozi nyeusi kuna jambo la ziada. Chunusi inapopona, ngozi iliyovimba huzalisha melanini nyingi na kuacha *doa jeusi*. Doa hili si kovu. Hufifia lenyewe, ingawa linaweza kuchukua miezi kadhaa. Wanafunzi wengi husumbuliwa zaidi na madoa haya kuliko chunusi zenyewe, na hapo ndipo wengi hushawishika kutumia mkorogo. Tutalirudia suala hili katika kipengele cha 7.

3. Imani potofu na ukweli wake

*“Chunusi ni uchafu.”* Si kweli. Mtu anayenawa mara kumi kwa siku anaweza kuwa na chunusi nyingi kuliko anayenawa mara mbili. Kunawa mno hukausha na kuichubua ngozi, na ngozi iliyochubuka huvimba zaidi.

*“Chunusi huisha mtu akianza kufanya mapenzi.”* Si kweli, na uongo huu ni wa hatari. Tendo la ndoa haliponyi chunusi. Anayekushawishi kwa maneno hayo anatafuta faida yake, na wewe unaweza kubaki na ujauzito au maambukizi, ikiwemo VVU, huku chunusi zikiwa palepale.

*“Mwenye chunusi anawaza mapenzi.”* Si kweli. Chunusi husababishwa na homoni za kubalehe na urithi, si na mawazo. Kama mama au baba yako alikuwa na chunusi nyingi ujanani, nawe una uwezekano mkubwa zaidi wa kuzipata.

*“Chunusi huambukiza.”* Si kweli. Huwezi kuzipata kwa kupeana mkono au kulala chumba kimoja na mwenye chunusi. Hata hivyo, kila mtu awe na taulo lake kwa sababu yapo magonjwa mengine ya ngozi yanayoambukiza, kama vile upele na fangasi.

*“Ndimu au dawa ya meno huzikausha.”* Vitu hivi huunguza ngozi. Juisi ya ndimu au limau ikikaa kwenye ngozi kisha ngozi ikapigwa na jua, inaweza kusababisha malengelenge na doa jeusi kuliko lile la mwanzo. Dawa ya meno imetengenezwa kwa ajili ya meno, na kwenye ngozi ya uso huleta muwasho.

4. Utaratibu wa kila siku

Utaratibu mzuri ni ule unaoweza kuufuata kila siku, hata kama unaishi bweni ambalo maji ni ya ndoo. Hauhitaji vipodozi vingi.

*Asubuhi.* Nawa mikono kwanza. Kisha osha uso kwa maji ya kawaida au ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato makali. Tumia ncha za vidole, usitumie dodoki, jiwe wala kitambaa kigumu. Suuza vizuri hadi sabuni iishe, kisha kausha kwa kugusisha taulo safi bila kusugua. Epuka kuosha uso kwa sabuni ya unga au ya mche ya kufulia. Sabuni hizo zina nguvu ya alkali, ilhali uso wa ngozi una asidi kidogo inayousaidia kujikinga.

*Baada ya kuosha.* Ngozi ikikaza, paka losheni nyepesi kidogo. Ukipata losheni iliyoandikwa kuwa haizibi vitundu vya ngozi, ni bora zaidi. Siagi ya kakao na mafuta ya nazi huweza kuziba vitundu. Yapake miguuni na mikononi ukipenda, lakini yaepushe na uso.

*Mchana.* Usiguse uso kila mara. Usiegemeze shavu kwenye kiganja unaposoma. Ukitoka jasho baada ya michezo au kazi za mikono, suuza uso kwa maji matupu. Jikinge na jua kwa kofia, mtandio, mwavuli au kivuli, maana jua huyafanya madoa meusi yachelewe kufifia.

*Usiku.* Osha uso kama asubuhi, hasa kama ulipaka vipodozi. Kama una dawa ya chunusi, huu ndio wakati wa kuipaka.

*Kila wiki.* Fua foronya, taulo la uso, na mtandio au kofia unayoivaa kila siku. Kitambaa chenye jasho na mafuta kikisugua paji la uso na mashavu huongeza vipele. Kama chunusi zako ziko kwenye paji la uso karibu na nywele, chunguza mafuta ya nywele unayotumia. Punguza kiasi, na usiyaache yateremke usoni.

*Kwa wanaonyoa ndevu.* Vipele vya kidevuni na shingoni si lazima viwe chunusi. Mara nyingi ni nywele zilizojikunja na kurudi ndani ya ngozi baada ya kunyolewa karibu mno. Lowanisha ndevu kwanza, nyoa kufuata zinakoelekea, na usipitishe wembe mara nyingi mahali pamoja. Usiazime wala kuazimisha wembe, kwa sababu unaweza kubeba virusi vya homa ya ini na VVU.

> Zingatia: Usitumbue chunusi. Unapobinya, sehemu ya usaha husukumwa ndani badala ya kutoka nje, uvimbe huongezeka, na unageuza kitu ambacho kingepona kwa siku chache kuwa doa la miezi au kovu la kudumu.

5. Dawa za dukani

Kama utaratibu wa juu hautoshi, zipo dawa zinazouzwa kwenye maduka ya dawa. Muulize mfamasia, na usome lebo.

*Benzoili peroksaidi* huua bakteria wa chunusi na husaidia kufungua vitundu. Anza na yenye nguvu ndogo, asilimia 2.5 au 5. Paka tabaka jembamba usiku baada ya ngozi kukauka kabisa, siku moja uache siku moja, ili ngozi izoee. Ipake eneo lote linalotoa chunusi, si juu ya kipele kimoja tu, kwa kuwa lengo ni kuzuia zinazokuja. Dawa hii hupausha nguo za rangi, kwa hiyo ilinde sketi au suruali ya shule na tandika foronya nyeupe.

*Asidi ya salisiliki* ya asilimia 0.5 hadi 2 husaidia kulegeza seli zilizokufa zinazoziba vitundu. Inafaa zaidi kwa vichwa vyeupe na vyeusi.

*Dawa za kundi la retinoidi*, kama adapaleni, huzuia vitundu visizibe. Dawa za kundi hili hazitumiwi na mjamzito. Zile za kumeza huweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni na hutolewa na daktari tu, chini ya uangalizi.

Usinunue vidonge vya antibayotiki kwa sababu tu rafiki alipona navyo. Antibayotiki zikitumiwa ovyo huleta usugu wa dawa, na siku utakapoumwa kweli huenda zisifanye kazi.

Kosa la kawaida ni kubadilisha dawa kila wiki. Hakuna dawa salama inayoondoa chunusi kwa siku tatu. Ipe dawa moja wiki 6 hadi 12 kabla ya kuamua kwamba imeshindwa. Ngozi inaweza kukauka kidogo mwanzoni. Ikiwasha sana au kuvimba, acha na uombe ushauri. Ukitaka uso uwe umetulia ifikapo Novemba, anza Agosti, usisubiri wiki ya mtihani.

6. Chakula, usingizi na msongo wa mawazo

*Chakula.* Chakula peke yake si chanzo cha chunusi, lakini kinaweza kuzichochea. Vyakula vinavyopandisha sukari kwenye damu kwa haraka, kama soda, juisi zenye sukari nyingi, pipi, maandazi na mkate mweupe, hufanya mwili utoe insulini nyingi. Hali hiyo nayo huchangia tezi za mafuta kufanya kazi zaidi. Punguza, na badala yake kula maharage, ugali wa dona, mboga za majani, dagaa, mayai na matunda kadiri unavyoweza kupata. Kwa baadhi ya watu maziwa huonekana kuongeza chunusi, lakini yana virutubisho muhimu, kwa hiyo usiyaache bila sababu. Kuhusu karanga na parachichi, vinavyolaumiwa sana mitaani, hakuna sababu ya kuviacha. Ni chakula bora kwa mtu anayesoma.

*Maji.* Kunywa maji ya kutosha kwa afya yako yote, lakini usitarajie kwamba lita nyingi za maji “zitasafisha” chunusi. Tezi za mafuta haziongozwi na maji unayokunywa.

*Usingizi.* Kijana wa umri wa miaka 14 hadi 17 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa siku. Kukesha kila usiku huongeza homoni za msongo, na msongo huweza kuzidisha chunusi. Vilevile ubongo huhifadhi uliyoyasoma wakati umelala. Kwa hiyo kulala mapema kunasaidia ngozi na masomo pia.

*Msongo wa mawazo.* Tengeneza ratiba ya marudio inayotekelezeka, fanya mazoezi ya viungo, na zungumza na mtu unayemwamini. Mwenzako akiwa na chunusi, usimtanie mbele ya watu. Neno moja la dhihaka linaweza kumfanya achukie kuja darasani.

7. Hatari ya mkorogo na krimu za kuchubua

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa kuliko pengine pote. Baadhi ya krimu zinazouzwa mitaani kama dawa ya chunusi na madoa zina viambato vitatu vya kuogopwa:

- *Steroidi kali*, kama klobetasoli na betamethasoni. Hizi hutuliza uvimbe kwa siku chache, ndiyo maana mtumiaji huzisifia. Baada ya muda ngozi huwa nyembamba, mishipa ya damu huonekana, na chunusi za aina nyingine huzuka. Mtumiaji anapoacha, uso huwaka na kuvimba, naye hurudia krimu ileile. Hivyo hujikuta amefungwa nayo.
- *Haidrokwinoni*, ambayo ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu inaweza kuifanya ngozi iwe na weusi wa kijivu au buluu usiofutika kwa urahisi.
- *Zebaki*, ambayo hupenya kwenye ngozi na kudhuru figo na mfumo wa fahamu.

Vipodozi vyenye viambato hivi vimepigwa marufuku nchini Tanzania. Tangu mwaka 2019 jukumu la kusimamia vipodozi liko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), wakati dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Hata hivyo, marufuku haizuii kila kopo kufika sokoni. Jilinde mwenyewe: usipake krimu iliyochanganywa na muuzaji na kutiwa kwenye kopo lisilo na lebo, isiyo na orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi, au inayoahidi “kung’arisha” kwa siku chache.

Kama tayari unatumia krimu ya aina hii, usione aibu na usijitibu kimyakimya. Nenda kituo cha afya na ubebe kopo lake. Steroidi iliyotumiwa muda mrefu huhitaji kuachwa kwa mwongozo wa mtaalamu.

8. Lini umwone daktari?

Nenda kituo cha afya ikiwa:

1. una vinundu vikubwa vinavyouma, au chunusi zinaacha makovu;
2. umetumia dawa ya dukani ipasavyo kwa wiki 12 bila nafuu;
3. wewe ni msichana, na chunusi zimeambatana na hedhi isiyo na mpangilio na nywele nyingi kidevuni;
4. chunusi zilizuka ghafla baada ya kuanza kutumia dawa au krimu fulani;
5. una huzuni nyingi, unajitenga, au unafikiria kujidhuru. Katika hali hii usisubiri: mwambie mzazi, mlezi, mwalimu wa malezi au muuguzi siku hiyohiyo.

Daktari anaweza kukupa rufaa kwa bingwa wa ngozi. Tanzania ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachohudumia kanda nzima, kilichoko KCMC mjini Moshi, na wataalamu wa ngozi wapo pia katika hospitali kubwa nyingine.

Muhtasari

Chunusi hutokana na mafuta mengi, kitundu kilichoziba, bakteria na mwitikio wa kinga ya mwili, vyote vikichochewa na homoni za kubalehe. Osha uso kwa upole mara mbili kwa siku, usitumbue, epuka mafuta mazito usoni, lala vya kutosha, tumia dawa moja kwa subira, na kimbia mkorogo. Kwa wengi chunusi hupungua kadiri umri unavyosogea. Cheti chako hakitaonyesha kipele chochote. Kitaonyesha ulichoandika kwenye karatasi.

Maswali ya kujipima

1. Taja hatua nne za kutokea kwa chunusi.
2. Kwa nini kusugua uso kwa nguvu hakuondoi vichwa vyeusi?
3. Mwanafunzi alipaka krimu isiyo na lebo. Chunusi zilitulia kwa wiki mbili, kisha alipoiacha uso ukawaka na kuvimba. (a) Krimu hiyo huenda ilikuwa na kiambato gani? (b) Mshauri mwanafunzi huyo mambo mawili.

Dondoo za majibu

1. Mafuta kuongezeka, kitundu kuziba, bakteria kuzaliana, kinga ya mwili kuleta uvimbe.
2. Weusi wake si uchafu, ni melanini na mafuta yaliyokutana na hewa. Tena kizibo kiko ndani ya kitundu. Kusugua huchubua ngozi na kuongeza uvimbe.
3. (a) Steroidi kali. (b) Aende kituo cha afya na kopo la krimu. Asirudie krimu hiyo wala kuibadilisha na nyingine bila ushauri wa mtaalamu.